Teja tunamfukuza, muuza unga tunamkaribisha

Ndugu zangu Waislamu, niliona hapa Mchikichini teja akifukuzwa barazani pa msikiti, arosto imemkunja. Nikanyamaza. Najiuliza: nani mwenye dhambi kubwa zaidi? Teja huchangia sindano na wenzake, akaambulia Ukimwi na homa ya ini. Anayemuuzia kete, mtaa mzima unamjua, huchangia saruji ya madrasa. Nasi tunamwombea dua na kuitikia “amin”.

Tangu mwaka 2011 Muhimbili inatoa methadoni kwa waathirika wa heroini. Basi teja ni mgonjwa, na tiba ipo. Lakini fedha ya haramu haitakaswi kwa kujengea madrasa. Tumpeleke mgonjwa hospitali, tumrudishie muuzaji saruji yake. Tukiogopa kumkosa mfadhili, tumeshakuwa washirika wake.

Wallahu a’lam.