Hiari ya Msafiri

Hiari ni mali ambayo kila mtu hujidai kuwa nayo, walakini ni wachache waijuao bei yake. Mtu achaguapo baina ya jambo jema na jambo baya hana shida kubwa, kwa sababu mizani yake huinama yenyewe. Shida huja achaguapo baina ya vitu viwili asivyovijua, kwa haraka, na kwa fedha yake mwenyewe. Hapo ndipo tabia yake hujitokeza, maana palipo na upungufu wa maarifa mtu hutumia kile alichonacho moyoni. Nimekusudia kulieleza jambo hili kwa kisa kidogo cha safari ya ndege. Namwomba msomaji asikidharau kwa udogo wake. Aghalabu mambo makubwa huwa na mashahidi wengi, na mtu hujitahidi kuonekana mwema mbele yao. Mambo madogo hutukuta peke yetu.

Mwezi wa Julai 2025 nilirudi nyumbani kutoka ugenini, ambako nimeishi na kufundisha kwa miaka mingi. Nilikuja kwa arobaini ya mama yetu, huko Mwanza. Njia ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza hupita kilomita elfu moja, na siku zangu zilikuwa chache. Ndege huikata kwa muda wa kama saa moja na nusu. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, naye alikuwa aende kutoka Dar es Salaam, na nilikuwa nimeahidi kulipa nauli ya wote wawili. Kabla sijaondoka ugenini, mwanawe alinipigia simu akanisomea nauli za mashirika mawili ya ndege. Tofauti baina yao ilikuwa shilingi 90,000 kwa mtu mmoja.

“Nikatie tiketi ya lile la bei ya juu,” nilimwambia. “Sitaki kubahatisha.”

“Na mama je, mjomba?”

“Mama yako mkatie ile nyingine. Yeye amezoea.”

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya, mjomba,” na mazungumzo yakaisha.

Sote tulifika salama. Dada alinitangulia kwa saa mbili, na nilipotoka uwanjani Mwanza nilimkuta ameketi kivulini akiningoja, amenishikia chupa ya maji. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyelaumu. Kama matokeo ndiyo yangalikuwa kipimo cha pekee cha tendo, shauri langu lingalikuwa jema na insha hii isingalikuwa na haja ya kuandikwa. Walakini lile neno “amezoea” lilinikaa kama mwiba, na kwa kuwa nililitamka mimi, hapana budi nilitoe mimi.

Kwanza yafaa niulize nilichagua kwa hoja gani. Nilikuwa nimesoma kuwa Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika moja la Tanzania katika orodha ya mashirika yaliyokatazwa kuruka katika anga lake, na kuwa Juni 2025 uliyaongeza katika orodha hiyo mashirika yote yaliyopata vyeti vyao nchini Tanzania, kwa hoja ya upungufu katika usimamizi wa usalama. Habari hii ilinitia hofu, na hofu ikanituma nichague. Lakini tazama udhaifu wa fikira yangu. Orodha inayoyataja mashirika yote haiwezi kunisaidia kuchagua moja miongoni mwake. Neno lake lilikuwa juu ya jicho la msimamizi, wala halikuwa juu ya ndege hii kuliko ile. Kwa hiyo nilichukua hofu kutoka mahali pamoja nikaitibu kwa dawa ya mahali pengine, nayo dawa hiyo ilikuwa bei.

Je, bei ni dalili ya usalama? Abiria haoni injini wala daftari la mafundi. Huona rangi ya ndege, mavazi ya wahudumu na nauli. Katika nauli mna gharama ya mafuta, kodi na ada za viwanja, viti vilivyobaki vitupu, na mengi mengine yasiyohusu uzima wa chombo. Nauli ni shahidi, lakini ni shahidi aliyesikia kwa mbali. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na fedha ya kumwamini. Na mtu mwenye fedha huona raha kudhani kuwa alichokinunua ni busara.

Yamkini mtu atasema kuwa mgeni angefanya vyema kusafiri kwa shirika la huko atokako, alijualo. Hili haliwezekani kwa kawaida. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika ibara yake ya 7, huipa kila dola haki ya kuzikataza ndege za kigeni kuchukua abiria kwa malipo kutoka kituo kimoja hadi kingine ndani ya nchi yake. Tena Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoeleza wajibu wa shirika kwa abiria aliyepata madhara, ni wa safari za kimataifa. Safari iliyokatiwa tiketi peke yake, ya ndani ya nchi moja, hufuata sheria ya nchi hiyo. Maana ya mambo haya mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgeni avukapo kutoka jengo la safari za nje kwenda jengo la safari za ndani, huwa ameweka chini ngao aliyokuja nayo. Tangu hapo rubani wake ni rubani wa wenyeji, mkaguzi wake ni mkaguzi wa wenyeji, na mvua yake ni mvua ya wenyeji. Anaketi bega kwa bega na watu ambao hatari yao ni hatari yake.

Sasa nalirudia neno langu. Nilipodai kuwa dada amezoea, nilikuwa nasema nini? Mazoea hayapunguzi hatari; hupunguza hofu tu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu mojawapo ni hii, kuwa wengine hutufanyia mazoea yetu kuwa hoja ya kutotujali. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwa ndani yake, na 19 walikufa. Ziwa halikuuliza nani amezoea na nani mgeni. Na wavuvi waliokimbilia pale kwa mitumbwi yao, wakawa wa kwanza kuwafikia abiria, hawakuuliza pia. Maji yalikuwa na usawa wake wa kutisha, na wavuvi walikuwa na usawa wao wa huruma. Mimi peke yangu, katika simu ya dakika tatu, ndiye niliyewagawa watu wa tumbo moja.

Ni haki kuzisikiliza hoja za kunitetea. Hoja ya kwanza husema kuwa dada ni mtu mzima, alikubali safari ile kwa hiari yake. Ni kweli alikubali, lakini hakuulizwa. Hiari ya mtu ambaye mwingine amemchagulia ni jina tupu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Husema kuwa dada alikuwa akienda Mwanza kwa basi miaka yote, na kwa kuwa safari ya ndege kwa jumla ina hatari ndogo kuliko safari ya barabara, mimi nilimpunguzia hatari wala sikumwongezea. Siwezi kuikana hoja hii. Walakini haigusi kosa lenyewe. Lawama yangu si kuwa nilimpa kidogo. Ni kuwa niliamini ndege moja ni salama kuliko nyingine, nikajitwalia ile, nikampa yeye hii. Kama imani yangu ilikuwa sahihi, nilimwacha katika hatari niliyoikimbia. Kama haikuwa sahihi, nilimfanyia vilevile katika nia yangu, ila bahati ikanisitiri. Bahati humwokoa mtu na majuto. Haimwokoi na hesabu ya nia yake.

Hoja ya tatu husema kuwa mkoba wa mtu una mwisho. Hii ni hoja ya kweli, na laiti ningaliitumia! Kama ningalisema, “Sina fedha ya kutosha tiketi mbili za juu, basi sote twende kwa ile ya chini,” ningalikuwa maskini wa shilingi 90,000 lakini si maskini wa adili. Umaskini si aibu. Aibu ni kuupa ubahili jina la sifa ya mtu mwingine.

Baada ya arobaini, tulipokuwa tunapanga kurudi Dar es Salaam, nilimwuliza dada jambo ambalo nilipaswa kumwuliza mwanzo: angechagua shirika gani? Alinijibu pasipo kufikiri sana, akalitaja lile la bei ya chini. Nikamwuliza sababu.

“Mwaka jana,” alisema, “tulikaribia Mwanza, mvua kubwa. Rubani akageuza ndege akaturudisha Dar. Watu wakamtukana, ndugu yangu, usiseme. Wengine wana harusi, wengine wana kesi. Mimi nilinyamaza. Rubani anayekubali kutukanwa ndiye ninayemtaka.”

Sidai kuwa safari moja ni ithibati ya usalama wa shirika zima. Nasema tu kuwa kipimo chake kilikuwa bora kuliko changu. Mimi nilipima kwa bei; yeye alipima kwa tendo la mtu aliyeweka uhai wa abiria mbele ya radhi zao. Ndipo nilipotambua kuwa neno kuzoea lina maana mbili. Kuna kuzoea kwa mwenye kujua, ambako ni elimu. Na kuna kuzoea tunakowasingizia wengine ili tusiwafikirie. Dada alikuwa na maana ya kwanza, nami nilimvika ya pili. Tulirudi kwa ndege moja, viti viwili vya jirani, kwa shauri lake.

Basi nasema kuwa tahadhari ya mgeni si kosa. Mtu ana haki ya kuuliza, kulinganisha na kukataa. Ila tahadhari iliyo njema hutumia kipimo kimoja kwa nafsi na kwa wengine, tena huanza kwa kuwauliza wale wajuao. Na kama mgeni ameona upungufu wa kweli katika usimamizi wa safari, asitosheke kuununulia nafsi yake njia ya pembeni. Sauti yake aghalabu husikilizwa kuliko sauti ya abiria wa kila juma; aitumie kudai ukaguzi ulio mkali na ulio wazi kwa abiria wote. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, upone peke yako.