Ndege Katika Theluji

Desemba ya 1994 nilikuwa mwanafunzi Uingereza, katika jimbo la Lincolnshire, nimepanga chumba kwa mzee mmoja mjane. Wiki moja kabla ya Krismasi alinipenyezea kadi chini ya mlango. Nilitegemea nyota, kondoo, au mtoto horini. Nikakuta ndege ya vita, Lancaster ya injini 4, imesimama katika theluji wakati wa machweo, na vijana 7 karibu na magurudumu wakipashana joto kwa vikombe vya chai. Mbele yao, juu ya uzio, ametua yule ndege mdogo wa kifua chekundu ambaye Waingereza hawachoki kumchora msimu ule. (Sisi vyote viwili twaviita ndege, sidhani kama mchoraji alijua utani aliotufanyia.) Ndani iliandikwa salamu za amani.

Nilichukizwa. Amani gani hiyo? Ndege zile ndizo zilizokuwa zikiruka usiku kwenda kuchoma miji. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Julai 1943 moto wa Hamburg ulizaa tufani yake wenyewe, na katika mashambulizi ya siku zile walikufa zaidi ya watu 30,000, wengi wao kina mama, watoto na wazee. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtu akuletee mkono wa Idi wenye picha ya kisu kilichochinja jirani zake.

Hata hivyo niliipanga rafuni pamoja na kadi nyingine, kwa adabu tu. Kesho yake alikuwa aje mwenzangu wa darasani, binti wa Kijerumani, ambaye mama yake alikuwa mtoto mdogo Hamburg mwaka ule. Nikaiondoa na kuificha ndani ya kitabu. Binti akaja, tukanywa kahawa, akaenda zake. Nikasahau kuirudisha. Jioni mzee akaingia kutazama hita iliyokuwa ikinisumbua, akapitisha macho rafuni, kadi moja baada ya nyingine. Hakusema neno. Aliitengeneza hita, akanitakia usiku mwema.

Siku ya Krismasi alinialika chakula. Kadi ileile ilikuwa juu ya meko yake, peke yake. Nikaomba radhi, nikamweleza habari za yule binti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, kijana wa miaka 20, akikaa peke yake nyuma kabisa katika baridi ya kugandisha pumzi. Akaweka kidole juu ya wale vijana wa kwenye picha. "Hapa bado hawajaondoka," alisema. "Hapa wote wako hai."

Nilimwuliza kama alifika Hamburg. Akajibu, "Nilifika," akanimiminia supu.

Katika kikosi kile cha ndege za mabomu za Uingereza walitumika wanaanga wapatao 125,000, wakafa 55,573. Kadi zenyewe, nilikuja kujua, nyingine huuzwa na mfuko wa hisani wa wanaanga ulioanzishwa 1919, na fedha husaidia wajane na wagonjwa. Basi nani wa kumlaumu mzee kwa kununua? Lakini hoja hiyo hainitoshi. Fedha njema haisafishi picha. Wachoraji wa kadi hizi huonyesha ndege inapoondoka au inaporudi, mara nyingi ikipita karibu na kanisa kuu la Lincoln. Mji uliokuwa chini ya mabomu hauonekani, kwa sababu kadi ya namna hiyo hakuna angeituma kwa shangazi yake. Mzee aliujua ule upande usiochorwa. Mteja dukani anaona theluji tu.

Nilikuwa nimefika hapo, nimejiridhisha na hukumu yangu, nilipokumbuka sebule ya nyumbani. Babu alikuwa keya. Mwaka 1944 alikwenda Burma, akapita bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin. Picha yake ya kofia na bunduki ilining'inia juu ya meza ya chakula, na kila mkesha wa Krismasi Bibi aliifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Miaka yote nimekula pilau chini ya bunduki ile, na sikupata kuuliza iliua nani. Nilimwona babu tu, kama mzee alivyowaona wenziwe. Kama angeingia sebuleni mgeni kutoka Japani, je, tungeishusha? Sijui. Naona tungemkaribisha, na Bibi angemwongezea nyama, na picha ingebaki ukutani.

Desemba ya 1995 nilikuwa nimekwisharudi Dar es Salaam. Nikamtumia mzee kadi ya Tingatinga, yenye ndege wa manyoya, na nakala ya picha ya babu ndani yake. Kalamu ilinisimama kitambo kabla sijaandika neno amani, lakini niliandika. Jibu lake lilifika Februari. Aliuliza mambo mawili: babu alikuwa kikosi gani, na wangapi aliokwenda nao walirudi. La kwanza Bibi alilijua. La pili hakuna nyumbani aliyepata kumwuliza babu.