Nyota ya Mtoto na Jina Lake

Jina la mji wetu, Sumbawanga, kwa Kifipa ni wito: tupa uchawi. Wengi tumezitupa hirizi, lakini nyota tumebaki nazo. Bado tunasikia uchumba ukivunjwa kwa sababu "nyota zao haziendani". Pwani, wanajimu huhesabu herufi za jina la mtu na za jina la mama yake. Sasa simu zimetuletea na hesabu ya Kichina. Kuna mnyama wa mwaka: 1999 ulikuwa wa Sungura, 2000 wa Joka, hadi wanyama kumi na wawili watimie. Wengine huona hilo ni jepesi mno, maana darasa zima la shule huweza kuwa na mnyama mmoja. Hivyo hutafuta chati ya kuzaliwa, yenye nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa.

Je, kuongeza saa ni kuongeza ukweli? Tumtazame Martin Luther, ambaye kwa desturi twasema alizaliwa 10 Novemba 1483. Philipp Melanchthon, rafiki yake aliyependa unajimu, alimwuliza mama mzazi. Mama alikumbuka siku na saa. Mwaka hakuwa na hakika nao. Naye mnajimu wa Italia, Luca Gaurico, aliyempinga Luther, akaweka 22 Oktoba 1484, akasoma humo nyota za mzushi. Kwa hesabu ya Kichina, Sungura angegeuka Joka, na chati ingeandikwa upya. Lakini mtoto ni yule yule. Luther mwenyewe aliukataa unajimu, akiwataja Esau na Yakobo: mimba moja, kuzaliwa kwa kufuatana, maisha mbalimbali.

Anayetafuta nyota si mpumbavu, anaiogopa kesho. Lakini chati, hata ikiwa sahihi hadi dakika, inatupumzisha kazi ambayo Mungu ametupa: kumjua mwenzetu. Kijana akikataliwa kwa kuwa ni Nyoka, hakuna anayeuliza kama anasema kweli, kama anafanya kazi, kama anawaheshimu wazee. Amehukumiwa kwa siku ambayo hakuichagua.

Kwenye ubatizo hatumwulizi mama saa ya uchungu wake. Tunauliza jina, kwa kuwa Mungu wa Isaya 43 huwaita watu wake kwa majina. Basi wazazi, kabla ya kuvunja uchumba wa watoto wenu, waulizeni majirani wanaowafahamu, kisha ombeni pamoja. Nyota ziacheni mbinguni, alikoziweka Muumba zituangazie usiku.