Kipi Kibomolewe Ili Kipi Kionekane?

Mwanafunzi wa kigeni anayekwenda kusoma usanifu majengo Puebla, nchini Meksiko, hakosi cha kuchora. Jiji hilo lilianzishwa na Wahispania mwaka 1531, na katikati yake pamejaa makanisa na nyumba zilizopambwa kwa vigae vya talavera. Mimi nasoma Kiswahili, si usanifu, lakini naona somo kubwa zaidi liko jirani, Cholula, nalo ni la maadili: ikiwa tamaduni mbili zimejenga mahali pamoja, je, ni haki kubomoa jengo la mmoja ili la mwingine lionekane?

Cholula kuna piramidi kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo. Kila upande wa kitako chake una mita 400 hivi. Udongo na nyasi viliifunika hata ikawa kama kilima, na juu yake Wahispania wakajenga kanisa. Wanaakiolojia walipoanza kuichunguza mwaka 1931, walichimba mahandaki ndani yake, ambayo kwa jumla yana urefu wa kilomita 8 hivi. Kanisa liliachwa, na hadi leo waumini hukipanda kilima hicho kwenda kusali.

Katika jiji kuu la nchi hiyo uamuzi ulikuwa tofauti. Mwaka 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba walikuta jiwe lililochongwa sura ya Coyolxauhqui, mungu wa kike wa Waazteki. Baada ya hapo majengo kadhaa yalibomolewa ili hekalu lao kuu, Templo Mayor, lifukuliwe.

Wapo watakaosema kwamba kilichotangulia ndicho chenye haki, kwani mwacha asili ni mtumwa. Naiheshimu hoja hiyo, maana walioshindwa hawakuulizwa walipojengewa juu. Hata hivyo, umri peke yake hautoshi kuwa kipimo. Piramidi ya Cholula yenyewe ilijengwa kwa awamu, kila awamu ikiifunika iliyotangulia. Tukibomoa kwa kutafuta asili, tutasimama wapi?

Kipimo changu ni kingine. Kilichofukiwa bado kipo, kilichobomolewa hakirudi. Kwa hiyo anayetaka kubomoa ndiye anayepaswa kujieleza: aonyeshe kwamba njia ya handaki haiwezekani, na kwamba wanaolitumia jengo wamesikilizwa. Lakini kuliacha kanisa lisimame si kuhalalisha ushindi uliolipandisha pale. Deni la ukweli linabaki. Anayepanda kusali na anayepanda kupiga picha, wote waambiwe wamesimama juu ya nini.

Mwanafunzi akirudi kwao amezoea kuuliza, kabla ya kuchora mstari wa kwanza, chini ya kiwanja kuna nini na juu yake wanaishi akina nani, basi safari yake haikuwa bure.