Simu nzima, muuzaji hajulikani

Tuseme yuko mshonaji wa Mbagala Rangi Tatu, mama wa watoto watatu, ambaye wateja wake siku hizi hawaji tena na kitambaa mkononi kuuliza mishono. Wanataka watumiwe picha kwanza. Simu yake ya zamani inapiga picha zenye ukungu, kitenge chekundu kinatoka cha kahawia, na kila wiki kazi zinakwenda kwa fundi jirani mwenye simu nzuri. Kikoba kikavunjwa mwezi wa kumi na mbili, akapata mgao wake, akatenga laki tatu za simu. Samsung aliyoitaka, mpya dukani, ilikuwa mbali na uwezo wake. Iliyotumika, Kariakoo mtaa wa Aggrey, walimtajia laki nne na hawakushuka kwa kiasi cha maana. Usiku akaingia mtandaoni kwenye matangazo ya watu wanaouziana vitu, akaiona: modeli ileile, rangi ileile, laki mbili na sabini, maongezi yapo. Sababu ya kuuza: mwenyewe anasafiri.

Mama huyu hakuwa mzembe, na ndiyo maana nimechagua kumweka yeye kwenye kisa hiki. Utapeli tunaousimuliana mara nyingi ni wa mtu aliyetuma pesa kabla ya kuona kitu, au aliyefika nyumbani akafungua mfuko na kukuta kipande cha sabuni kimefungwa vizuri. Tukisikia hivyo tunasikitika, lakini kila mmoja anajiambia kuwa yeye asingenaswa. Huyu alipoombwa hela ya kuishikilia simu isiuzwe kwa mwingine, alikataa. Alitaka waonane mchana, mahali penye watu. Na alimchukua mtoto wa kaka yake, fundi simu mwenye meza yake Zakhem, akague.

Wakakutana stendi. Muuzaji alikuwa kijana msafi, mpole wa maneno, aliyeamkia kabla ya kusema lolote. Fundi hakuharakishwa. Akabonyeza *#06#, namba ya IMEI yenye tarakimu 15 ikatokea, akailinganisha na iliyoandikwa ndani kwenye mipangilio, zikafanana. Akaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na jibu likataja kampuni na modeli sawasawa. Tangu simu bandia zilipozimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, mafundi wengi hawaachi hatua hiyo. Akabonyeza *#0*#, menyu ya majaribio ya Samsung, akapitisha kioo kwenye nyekundu, kijani na bluu akitafuta madoa. Akajaribu kamera zote, spika, maikrofoni, alama ya kidole, tundu la chaji. Akaangalia kama imebaki na akaunti ya mtu, kwa sababu tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu iliyofutwa bila ridhaa ya mwenyewe huomba akaunti ya awali, na asiyeijua hubaki nayo haifunguki. Hii ilikuwa wazi.

"Shangazi, simu nzima," akasema. Na alisema kweli.

"Boksi liko wapi?" mama akauliza.

"Dada yangu, boksi lilibaki Mwanza kwa mama. Mimi mwenyewe nina basi saa kumi. Nipe keshi tu, mtandao leo unasumbua, halafu makato ya nini?"

Akahesabu laki mbili na nusu. Wakaagana kwa heri.

Kwa wiki kadhaa simu ilifanya kazi yake. Picha zilitoka na rangi zake, oda zikarudi, na deni la vitambaa likaanza kupungua. Kisha akapigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mpelelezi, akimtaka afike kituoni na simu anayotumia. Akadhani ni matapeli, akakata. Walipofika kibandani kwake watu wawili na kumtaja kwa majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, alijua si matapeli.

Hapa inafaa tusimame, kwa maana wengi hatujui jinsi simu ya wizi inavyotafutwa. Kila simu inapoingia kwenye mnara, IMEI yake huonekana kwa kampuni ya mtandao pamoja na namba ya laini iliyomo. Aliyeibiwa akiripoti polisi na kutoa IMEI, wanaweza kuuliza ni laini gani imo sasa. Na laini zetu zina wenyewe: kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zile zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa. Mwizi analijua hilo, kwa hiyo haweki laini yake. Simu anaizima, anaifuta, anaitafutia mteja. Mtu wa kwanza kuweka laini yenye jina lake halali ni mnunuzi mwaminifu.

Simu ile ilikuwa ya mwanafunzi wa uuguzi, iliyonyakuliwa Buguruni akiwa ameketi dirishani ndani ya daladala. Boksi analo, na IMEI iliyobandikwa juu yake ndiyo ileile. Alikuwa pale kituoni. Maelezo yake ya masomo na picha za marehemu baba yake zilifutwa zote, na hazikupatikana tena.

"Mama, uliuziwa na nani?" mpelelezi akauliza.

"Na kijana mmoja, afande."

"Anaitwa nani?"

Kwenye tangazo lilikuwepo jina moja tu, na tangazo lenyewe lilikuwa limeshaondolewa.

"Namba yake?"

Haipatikani.

"Ulimlipa kwa njia gani?"

"Keshi, afande."

"Anakaa wapi?"

"Alisema anasafiri."

Maswali matano, hakuna jibu hata moja lililoweza kumwelekeza mpelelezi mlangoni kwa mtu. Kijana fundi, aliyesimama nyuma ya shangazi yake, alikuwa na majibu mengi, na yote yalihusu kioo, betri na kamera. Alikagua kitu kwa ustadi ambao mimi naustahi, lakini ukaguzi wake wote ulijibu swali moja: hii simu ni nini? Hata ujumbe wa 15090 ulijibu hilohilo. Swali la pili, hii simu ni ya nani, halijibiwi na kitufe chochote, wala kwa ujumbe unaokuja na jina la modeli. Anayeweza kulijibu ni muuzaji, kwa vitu anavyokubali au kukataa kukuonyesha.

Sheria haimpi mnunuzi kinga kwa kuwa tu alitoa pesa. Aliyeiba hana umiliki wa kumpa mwingine, kwa hiyo kitu humrudia mwenyewe na mnunuzi hubaki na madai dhidi ya mtu asiyemjua. Tena, Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa na kosa mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mazito. Simu ya laki nne kwa laki mbili na nusu, bila boksi, bila risiti, kwa mtu wa stendi mwenye haraka ya basi: mpelelezi akivipanga hivyo mezani, ni wewe utakayelazimika kueleza kwa nini hukushuku. Mshonaji alitoka jioni kwa dhamana, akidhaminiwa na jirani mwenye kibanda chake. Simu ilibaki kama kielelezo, na baadaye ikaenda kwa mwanafunzi, panapostahili. Laki mbili na nusu hazikurudi.

Nasisitiza neno "panapostahili". Tunapozungumza habari hizi huwa tunamlilia mnunuzi na kumsahau binti wa dirishani. Bei ile ilikuwa nzuri kwa sababu aliyeuza hakuinunua. Punguzo lile alilitoa mwanafunzi, bila kuulizwa.

Sisemi watu waache vitu vilivyotumika. Kwa kipato cha wengi wetu, simu, televisheni na kompyuta mpakato za mtumba ndizo zinazofikika, na wapo wauzaji wengi wa kweli mtandaoni: anayebadilisha modeli, anayehama nyumba, mwenye ada ya mtoto inayomsubiri. Kompyuta nazo zina mtego wao, kwani nyingine ni mali ya ofisi fulani, hufanya kazi vizuri hadi siku zitakapofutwa upya, ndipo zinapoomba barua pepe ya kampuni na kugoma. Lakini dawa ni ileile, nayo ni kumkagua muuzaji kwa bidii uliyoitumia kwenye kitu.

Mimi ningeanza na mahali. Stendi ina watu wengi na hakuna hata mmoja anayemjua muuzaji. Usalama wa kutoporwa upo, usalama wa kumpata mtu kesho haupo. Bora kibandani kwake, kazini kwake, nyumbani kwake, hata nje ya ofisi ya serikali ya mtaa wake, mahali ambapo mpita njia atamsalimu kwa jina. Kisha boksi lenye IMEI inayolingana, na risiti ya EFD kama aliinunua dukani. Boksi likikosekana kweli, karatasi ya mauziano inaandikwa: majina ya pande mbili, namba za vitambulisho, IMEI, bei, tarehe, sahihi, shahidi. Tunaandikishana kwa kiwanja na pikipiki, na hatuoni aibu. Simu inayobeba pesa zetu na mawasiliano yetu yote inastahili nusu ukurasa.

Na malipo. Keshi ndiyo iliyomwangusha mama huyu kuliko kitu kingine. Kutuma pesa kabla ya kuona kitu ni hatari, hilo tunalijua, lakini wengi wamelielewa vibaya wakaona keshi ndiyo salama. Ukishamaliza kukagua, mkiwa mmekaa ana kwa ana, mtumie kwa simu. Kabla hujathibitisha muamala, jina la aliyesajili namba hutokea. Lisome kwa sauti, ulilinganishe na kitambulisho alichokuonyesha. Akisema "tuma kwa namba hii ya rafiki yangu", usitume. Makato ya shilingi elfu chache ndiyo bei ya kuwa na jina la mtu, tarehe na kiasi mikononi mwako siku utakapoulizwa.

Mshonaji alirudi kutafuta miezi mitano baadaye, akiwa na pesa alizoanza kuzikusanya upya. Muuzaji wa kwanza, alipotajiwa karatasi, alisema mama ana mambo mengi. Wa pili alisema atapiga, hakupiga. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kijichi. Alimwelekeza nyumbani kwake, akatoa boksi kutoka juu ya kabati na risiti imekunjwa ndani yake. Bei yake ilikuwa laki tatu na themanini, akashuka elfu ishirini na akagoma hapo. Kijana fundi akakagua kioo na betri kama kawaida. Wakaandikiana, mume wa mwalimu akasaini kama shahidi. Mama akaingiza namba ya simu, jina likatokea, akalisoma. "Ndiye mimi," mwalimu akasema, na mama akabonyeza kuthibitisha.