Mchezaji Kiraka

Msomaji kijana, lugha yetu ina neno ambalo hutamkwa kwa sifa na kwa dharau kwa wakati mmoja, nalo ni kiraka. Mshonaji akiona tundu katika nguo hukata kipande cha nguo nyingine akakishona juu yake. Kipande hicho ndicho kiraka. Watangazaji wa mpira wamelichukua neno hilo wakamvika mchezaji awezaye kusimama mahali popote uwanjani, leo beki, kesho kiungo, kesho kutwa winga. Humwita mchezaji kiraka, nao hudhani wamemsifu. Lakini litazame neno lenyewe vizuri. Hakuna mtu aliyepata kwenda dukani kununua kiraka. Kiraka hutafutwa siku ya tundu, na siku nguo mpya inapopatikana husahauliwa pamoja na nguo kuukuu ambayo kiliisitiri.

Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo hili: je, mtu awezaye mengi ni bora kuliko mtu awezaye moja, na sisi tunaofaidi uwezo wake tuna deni gani kwake? Usidhani kuwa ni swali la uwanjani tu. Wewe uliye shuleni utatakiwa kuchagua masomo, kuyashika machache na kuyaacha mengi, na watu wazima watakushauri kwa sauti moja uchague kitu kimoja ukikamate. Watakukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka, na ya kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Mimi mwenyewe nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na methali hizo mbili mfukoni, na kwa miaka kadhaa niliziandika ubaoni kama hukumu isiyokatiwa rufani. Aliyeninyamazisha ni mwanafunzi mmoja hapa Kisumu. Alisimama mwisho wa darasa akataja jina moja tu, Daniel Adongo, kisha akaketi.

Katika mwambao huu wa ziwa jina Adongo hupewa mtoto wa kike azaliwaye wa pili katika pacha, na wa kiume huitwa Odongo. Kwa kijana huyu ni jina la familia. Alizaliwa Nairobi mwaka 1989, akasoma Kijabe, lakini wanafunzi wangu walipolisikia jina lake likitoka Marekani walilipokea kama habari ya nyumbani. Alikuwa mchezaji wa raga, mrefu wa karibu mita mbili. Aliufuata mchezo huo hadi Afrika Kusini, kisha New Zealand, ambako alicheza na Counties Manukau, na mwaka 2013 alikuwa na Southern Kings ya Port Elizabeth. Mwezi wa Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 23, akatia sahihi mkataba na timu ya Indianapolis Colts, ili acheze mchezo ambao Wamarekani huuita futiboli. Mchezo huo hakuwa amepata kuucheza hata mara moja.

Huenda wewe huujui mchezo huo, ukadhani ni raga iliyovaa kofia ya chuma. Sivyo. Katika raga ni kosa kumzuia mtu asiye na mpira. Futiboli ya Kimarekani huwafundisha watu kazi hiyo kutwa. Katika raga mpira haurushwi mbele kwa mkono. Kule timu yaweza kuurusha mbele mara moja katika kila jaribio. Raga hutiririka kama mto Nyando wakati wa masika. Mchezo ule husimama kila baada ya sekunde chache, wachezaji wakakusanyika, wakapeana shauri, wakaanza upya, na hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Shauri hizo zimeandikwa katika daftari nene ambalo kila mchezaji hulihifadhi moyoni. Basi mwanamume aliyekuwa akila mkate wake kwa raga ilimpasa kuketi kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, kati ya watu waliojifunza mchezo huo tangu utotoni. Ni wachache wetu wawezao kuivumilia aibu ya namna hiyo, na mimi sijihesabu miongoni mwao.

Vilivyovuka bahari pamoja naye ni mbio, nguvu, na ujuzi wa kumwangusha mtu anayekimbia na mpira. Ambacho hakikuweza kuvuka ni lile jicho la mzoefu, linalojua mpira utakwenda wapi kabla haujaondoka. Aliandikwa kuwa mlinzi wa mstari wa pili, lakini nafasi yake ya kuingia uwanjani aliipata zaidi katika kikosi kinachotoka wakati mpira unapopigwa teke, ambapo mtu hukimbia kwa nguvu zake zote kumkabili aliyeudaka. Kabla ya mwaka 2013 kwisha alikuwa amecheza mechi rasmi, Mkenya wa kwanza katika Ligi ya Taifa ya Futiboli ya Marekani. Mwaka 2015 safari yake na Colts ikakoma.

Wako wanaosema kwamba alikosea, na kwamba fisi ameshindwa tena na njia mbili. Sikubaliani nao. Methali humsema mtu ashikaye viwili kwa pamoja, na Adongo hakushika viwili: alikiacha kimoja akakishika kingine kwa mikono yote. Tena si haki kumpima msafiri kwa hesabu ya siku alizokaa mwisho wa safari. Lakini sitaki kukudanganya, msomaji kijana, kwa kukuonyesha upande mtamu peke yake. Kila mwaka utakaoutoa kujifunza jambo jipya umeutoa katika jambo la zamani, nalo jambo la zamani halikungoji. Atokaye katika ufundi mmoja kwenda mwingine huacha mlango wazi nyuma yake, na mara nyingi akirudi hukuta mtu mwingine ameketi kitini pake.

Zamani huko Marekani mchezaji kiraka hakuwa ajabu, kwa sababu kila mchezaji alikuwa kiraka. Watu 11 waliokwenda kushambulia ndio haohao waliorudi kulinda, kwa kuwa sheria iliwabana sana wachezaji wa akiba. Mwaka 1950 ligi ilifungua mlango huo moja kwa moja, mtu aweze kuingia na kutoka apendavyo kocha, na tangu hapo kazi ikagawanywa: huyu ni wa kushambulia, huyu wa kulinda, huyu wa kupiga teke tu. Basi uone kwamba mara nyingi linalomfanya mtu awe wa kazi moja si tabia yake bali ni kanuni aliyoikuta. Miaka 10 baadaye alibaki mmoja mashuhuri wa mtindo wa zamani, Chuck Bednarik wa Philadelphia Eagles, mtoto wa wahamiaji kutoka Slovakia. Mwaka 1960 alikuwa na umri wa miaka 35, umri wa kustaafu katika mchezo ule, na mwenzake alipoumia aliombwa acheze pande zote mbili. Siku ya fainali, tarehe 26 Desemba, alikuwa uwanjani karibu muda wote dhidi ya Green Bay Packers, na yeye ndiye aliyemwangusha Jim Taylor saa ilipokuwa inakwisha. Eagles walishinda 17 kwa 13. Huyu naye alikuwa kiraka, lakini kiraka cha kitambaa kizito: kazi zote mbili alikuwa akizijua kwa miaka mingi kabla tundu halijatokea.

Ziwa letu nalo lina neno katika shauri hili. Lilikuwa na mamia ya aina za furu, au fulu kama wasemavyo Waluo, na kila aina ilikuwa na ufundi wake: wengine meno yao yalifaa kuvunja konokono, wengine kukwangua majani ya mawe, wengine kula watoto wa samaki wenzao. Sangara, ambaye hapa tunamwita mbuta, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Sangara hakuwa na ufundi wa pekee. Furu walipopungua alikula uduvi, akala omena, akala hata watoto wake. Sikuleti sangara mbele yako awe kielelezo, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba ufundi mmoja ni amani maadamu maji hayajabadilika.

Sasa nirudi kwenye deni, na hapa sina budi kusema kosa langu mwenyewe. Nilipata kufundisha kandanda katika shule moja isiyo mbali na ziwa. Nilikuwa na mvulana ambaye hakukataa mahali. Beki akiugua, nilimwita yeye. Winga akifukuzwa kwa karo, nilimwita yeye. Mara moja alivaa viatu vya mwenzake vilivyombana akacheza kiungo hadi mwisho. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikamwita kiraka changu, naye alicheka pamoja nao. Mwisho wa mwaka tulitoa zawadi: kwa kipa bora, beki bora, kiungo bora na mfungaji bora. Yeye hakupata kitu. Hakuna aliyemwonea kwa kusudi. Zawadi zilikuwa za mahali, naye hakuwa na mahali. Aliyemnyima mahali ni mimi, na siku ile nilipiga makofi bila kuliona jambo hilo.

Miaka ikapita. Jumamosi moja nilishuka Dunga kununua samaki, nikamkuta amechutama kando ya mashua, anatengeneza injini. Watu wa pale waliniambia kwamba injini ni kazi moja tu kati ya kazi zake. Hushona nyavu, huwapeleka wageni kutazama viboko, na ana bustani ya sukuma nyuma ya nyumba. Alifuta mkono kwa suruali kabla ya kunipa.

“Karibu, mwalimu.”

Tulizungumza juu ya timu ile ya zamani, nani yuko wapi, nani amefariki. Mwishowe nikamwuliza jambo ambalo ilinipasa kuuliza zamani, yaani katika sehemu zote nilizompanga, ni ipi aliyoipenda.

“Kipa, mwalimu,” akasema, wala hakufikiri. “Lakini hukuniuliza.”

Langoni ndipo mahali pekee ambapo sikumweka hata siku moja.

Tangu siku ile daftari langu la timu lina safu mbili. Ya kwanza huandikwa na mchezaji mwenyewe, mahali apapendapo. Ya pili naiandika mimi, mahali ninapomhitaji. Mwaka huu safu hizo zimelingana kwa wachezaji wanne kati ya 18. Hao 14 wengine nimewaita mmoja mmoja nikawaeleza sababu yangu, na muda ambao nitawahitaji huko. Wawili bado hawajaridhika, na mmoja wao, nadhani, ana haki.