Bega Linalouma

Juzi tukitoka Shela kwenda Lamu mjini, nahodha aliniachia mkono wa mashine. Boti ilivuta kulia, nikaishikilia hadi bega likauma. Abiria waliona safari imenyooka tu.

Rafadha ikizunguka huisukuma mashine upande. Juu yake, kwa nyuma, kuna kipezi kidogo cha kurekebisha: boti ikivuta kulia, unalegeza bolti na kugeuza ncha yake ya nyuma kulia kidogo. Ukikaza skrubu ya mkono badala yake, mvuto unabaki palepale, umeuficha tu.

Aristotle alimtofautisha anayejizuia na mwema asiye na cha kuzuia. Huyu wa pili ndiye bora. Kwa Kant, thamani ya tendo hudhihirika pale mtu anapotimiza wajibu huku moyo ukikataa. Mimi mwandishi nimekataa bahasha miaka 10, na kila mara mkono uliitaka. Jamani, huo ni uadilifu au bega tu? Nilikuwa upande wa Kant, maana ananipa sifa.

Kisha nikapiga chafya. Mkono ukaniponyoka, boti ikageukia jahazi lililotia nanga. Nahodha akaudaka. Gatini akainua mashine, akatafuta spana. Kipezi kilikuwa kimegeukia kushoto, sijui tangu lini.